Silensi Iliyotulia: Jinsi ya Kuijua Kazi ya Fundi Mzuri

Gari likifika gereji huku silensi, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka, angalia fundi anaanza na nini. Anayebahatisha hukimbilia skrubu ya hewa. Huizungusha kidogo kidogo mpaka mngurumo utulie, kisha humwambia mwenye gari, "Bosi, tayari, jaribu." Kweli limetulia, maana injini imeshapata moto. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, linazima kila likiwashwa. Fundi mzuri huigusa skrubu hiyo mwisho kabisa, na mara nyingi haigusi.

Kujua tofauti hiyo kuna faida kubwa kwa mtu wa Mwandoya. Magari ya huku Meatu hayabembelezwi: vumbi, makorongo, michomoko (magari madogo ya abiria) iliyojaa watu na mizigo, na msimu wa pamba malori yakipita mbele yako na wingu zima. Mengi ni Toyota za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kina Corolla 110, Carina Ti na Probox. Injini zake ni ngumu, zinavumilia mengi, ndiyo maana kazi mbovu juu yake huchelewa kuonekana.

Anavyosikiliza

Fundi anayejua kazi huuliza kabla ya kufungua boneti. Inasumbua ikiwa baridi au ikiwa moto? Ilianza baada ya kufanya nini? Kisha huwasha injini na kuiacha ingurume, akitega sikio.

Kama mzunguko unapanda na kushuka kwa mpigo mmoja bila mtu kugusa pedali, kuna hewa ya ziada inayoingia. Kompyuta ya gari ikiona pedali haijakanyagwa lakini mzunguko umevuka kiwango, hukata mafuta. Mzunguko ukishuka, huyarudisha. Ukipanda, huyakata tena. Pampu na nozeli hazina kosa hapo, na anayekuambia uzibadilishe anakumalizia hela.

Kama gari linatetemeka ovyo, bila mpangilio, huenda silinda moja haichomi vizuri: tazama plagi, koili, nozeli, kisha kompresheni. Plagi nzima hutoka na rangi ya kahawia iliyofifia. Nyeusi yenye masizi inasema mafuta yamezidi, nyeupe inasema hewa imezidi.

Kama silensi inashuka hadi injini kuzima ukisimama au ukiwasha AC, mtuhumiwa wa kwanza ni throto bodi (mlango wa hewa wa injini) na valvu ya silensi iliyoziba masizi.

Anavyotafuta

Hapa ndipo ubora unapoonekana. Fundi mzuri huanza na vitu visivyo na gharama. Injini ikiwa imepoa, hufungua kifuniko cha rejeta. Kwenye injini nyingi za Toyota za wakati huo, maji ya rejeta hupita pia kwenye throto bodi, na joto lake huiambia injini kwamba haihitaji tena hewa nyingi ya kuwashia. Maji yakipungua, au hewa ikinaswa ndani, injini hubaki inadhani ni baridi na silensi huanza kucheza. Wengi wamenunua valvu mpya wakati gari lilikuwa na kiu tu.

Baada ya hapo hufuata mipira ya hewa, mmoja mmoja, akiikunja kwa vidole. Mpira uliokaa miaka kwenye joto hupasuka upande wa chini, usikoonekana. Akitilia shaka eneo, hurushia maji kidogo, mbali na waya za moto, huku injini inanguruma. Mlio ukibadilika maji yanapogusa, tundu liko hapo. Anayerushia petroli kwenye injini ya moto ili kupima, mwondokee na gari lako kabla halijaungua.

Asiye na mashine ya kupimia naye asidharauliwe. Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fundi huunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, hufungua swichi bila kuwasha injini, kisha huhesabu taa ya injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kituo, kompyuta haijarekodi kosa. Mbili, kituo, mbili: ni 22, sensa ya joto la maji. Nne, kituo, moja: ni 41, sensa ya throto. Na fundi makini hukagua waya na soketi ya sensa kabla ya kuihukumu sensa yenyewe.

Anavyosafisha

Throto bodi husafishwa kwa dawa yake na kitambaa laini. Msasa na kisu hukwangua ule mpako wa kiwandani unaosaidia kisahani cha ndani kufunga vizuri. Skrubu inayokizuia kisahani hicho kwa kawaida huwa na alama ya rangi ya kiwandani. Ukikuta rangi imevunjika, ujue kuna mtu alishawahi kuficha tatizo. Ea klina nayo isirudishwe na vumbi lake, la sivyo kazi yote itajirudia.

Kabla ya kulipa

Usipokee gari likiwa moto tu. Rudi likiwa limepoa kabisa, uliwashe mwenyewe. Mshale uanzie juu, kwenye 1,200 hadi 1,500 hivi, kisha ushuke wenyewe taratibu kadiri injini inavyopata moto, mpaka utulie karibu na 700 au 800. Washa taa, AC na feni: silensi iyumbe kidogo, ijirekebishe. Kanyaga mafuta, achia ghafla: ishuke bila kuzima. Kisha mwombe fundi akuonyeshe kilichokuwa kibovu, ukishike mkononi.

Fundi aliyepitia hatua hizi mlipe vizuri, hata kama dawa ilikuwa kipande cha mpira. Akili iliyokipata kipande hicho ndiyo ufundi wenyewe. Ukizoea kulipa kwa wingi wa spea zilizofungwa, utakuwa unawafundisha mafundi wako kufunga spea.