Cheti Kingoje Masika

Fundi wa mitumbwi wa Kalemie hahitaji cheti, kwa kuwa chombo alichokiunda hushushwa ziwani mbele ya macho ya watu, na maji yakipenya kwenye maungo habari huenea ufuoni kote kabla ya magharibi. Na mshonaji naye huhukumiwa siku ile ile nguo inapovaliwa. Ila mtu wa kutunza barabara amepewa kazi isiyokuwa na shahidi wa upesi. Barabara iliyotengenezwa vibaya mwezi wa Agosti na iliyotengenezwa vema hufanana kama pacha, zote nyekundu, zote laini, zote zimefagiwa ukingo hadi ukingo, na mkaguzi akizipita garini hawezi kuzibagua, mpaka zije mvua za Oktoba ndipo kila moja isimulie habari zake. Kwa sababu hiyo watu wamelazimika kuuliza vyeti, na kwa sababu hiyo hiyo yafaa mwenye kuajiri, awe mkuu wa komini, awe kontrakta, awe chifu ambaye njia inapita katika nchi yake, ajue kuisoma kazi kabla ya kukisoma cheti.

Nchi yetu haikukosa wenye dhamana ya jambo hili. Office des Routes, iliyoundwa mwaka 1971, ina barabara kuu. OVD, ya mwaka 1987, ina njia za mijini na mifereji yake. FONER ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 ili fedha za matengenezo zipatikane. Na INPP imekuwa ikiwafundisha watu kazi tangu mwaka 1964. Na chini ya hao wote yupo kantonie, mtu wa kijiji mwenye jembe, sepetu na panga, aliyekabidhiwa kipande chake cha njia tangu zama za Wabelgiji, wakati mji huu wa Kalemie ulipoitwa Albertville, na ambaye siku hizi aghalabu yumo katika kamati ya wenyeji ya kutunza barabara. Juu ya huyu ndiyo nakusudia kusema, maana barabara zetu za kwenda Bendera na Fizi, kwenda Nyunzu, kwenda Moba, karibu zote ni za udongo na changarawe, na uhai wake umo mikononi mwa kantonie huyu.

Anza basi na mkono wenyewe. Mwombe fundi akuonyeshe udongo anaotaka kuushindilia, na utazame afanyalo. Asiyejua ataumwagia maji ndoo nzima kisha atwange. Ajuaye atauchota kiganjani, aufinye kwa nguvu, afungue vidole: ukisambaratika ni mkavu, ukimwachia kiganja kimelowa umezidi maji, lakini ukikaa kama andazi lenye alama za vidole, na ukiubana kwa kidole gumba na cha shahada ukakatika vipande viwili visafi, hapo ndipo huanza kushindilia. Jambo hili huchukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu, wala halihitaji chombo, nami sijapata kumwona mwenye tabia hiyo akifanya kazi mbaya katika mambo mengine.

La pili ni mgongo wa barabara. Njia ya changarawe sharti iinuke katikati, ishuke sentimita 5 hadi 8 kwa kila mita 1 kuelekea kando, ili tone la mvua lisipate wasaa wa kukaa. Kwa njia ya upana wa mita 5, iliyoshuka sentimita 6 kwa mita, katikati huwa juu ya ukingo kwa sentimita 15, na jicho la mtu haliwezi kupima kiasi hicho kwa yakini, hata likiwa la mzee wa kazi. Kwa hiyo fundi wa kweli anao ubao wake, uliokatwa upande mmoja kwa mshazari, na pima maji juu yake, naye huuweka kila baada ya hatua chache pasipo kuona haya. Ukimkuta mtu anajisifu kuwa haupendi ubao kwa kuwa ameizoea kazi, mpe shukrani zako na uendelee na safari.

Lakini ustadi wote hujidhihirisha mferejini. Maji yakishateremka kutoka mgongoni hukusanyika kando, na yakiachwa yaende mbali huwa mengi, na yakiwa mengi huwa na ghadhabu; kwa hiyo hutolewa porini kwa mifereji ya kando inayochepuka, na fundi mwema hujua kwamba mahali patambarare ndipo mifereji hiyo huhitajika kwa ukaribu zaidi, kwa sababu huko maji huenda polepole, huangusha mchanga, na kuziba njia yake yenyewe. Wengi hudhani kinyume chake. Mlimani kuna hatari nyingine, nayo ni mfereji kuchimbika. Mteremko ukifika mita 5 kwa kila mita 100, huwekwa vizingiti vya mawe au vya vigingi vya mti ndani ya mfereji, kimoja kila baada ya mita 20. Ukifika mita 8 hukaribiana hadi mita 8. Na ukifika mita 10 huwa kila mita 6. Hiyo ni hisabu ya kukariri, na mtahiniwa anaweza kuikariri kwa siku moja. Kile asichoweza kukikariri ni umbo la kizingiti.

Niliwahi kupokea kikosi cha vijana kumi na wawili, kila mmoja na cheti chake chenye mhuri, waliofundishwa ukumbini kwa siku tisa mahali ambapo sitapataja. Walikuwa watiifu na wenye nguvu, wakanijengea vizingiti kwa vipimo vya umbali visivyo na dosari, mawe yamepangwa kama ukuta wa msikiti, na juu yamesawazishwa kwa uzi kutoka ukingo hadi ukingo. Niliyatazama nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya mambo mengine, na taksiri hiyo ni yangu. Mvua ya pili ilipokwisha tulikwenda pamoja. Maji yalifika kwenye kila ukuta, yakakosa mlango katikati, yakazunguka ubavuni, yakalila bega la barabara kiasi cha mtu kusimama humo hadi magotini. Kijana mmoja akaniambia kwa huzuni, "Baba, sisi tulifundishwa kuzuia maji." Nikamwambia, "Maji hayazuiwi, mwanangu; hupunguzwa mwendo." Tukavunja vyote, tukavijenga upya, katikati chini na pembeni juu, kama bakuli lililokatwa nusu, na chini ya kila kimoja tukatandika mawe mapana ya kupokea maporomoko. Vijana wale hawakuwa na kosa. Aliyewatahini hakupata kusimama mferejini wakati wa mvua, au alisimama akasahau.

Kuhusu kuziba mashimo nitasema machache, ingawa ndiyo kazi ionwayo na watu wengi. Shimo lisijazwe kama lilivyo. Hukatwa pembe nne, kuta zake zikasimama wima mpaka kufikia udongo mgumu, likafagiwa, likanyunyizwa maji, kisha likajazwa kwa tabaka zisizozidi sentimita 10, kila tabaka ikashindiliwa peke yake, na mwisho kiraka kikaachwa kimeinuka kama sentimita 3, kwa maana magari yatakishusha. Kiraka kilichokuwa sawasawa na njia siku ya kwanza kitakuwa bakuli mwezi wa pili. Katika lami ya mjini kanuni ni ile ile, ila hapo huongezwa kupaka lami nyepesi kwenye sakafu na kuta za shimo kabla ya kujaza, na ufa wowote lazima uwe mkavu na usiwe na vumbi, kwa kuwa lami haishiki vumbi. Ukiona mtu anamimina lami katika ufa wenye mchanga, usingoje kuuliza alikosomea.

Iko pia adabu ya kuilinda njia isiharibiwe, nayo ni kizuizi cha mvua: lile gogo linaloshushwa ili malori yasipite udongo ungali laini. Mwenye kulisimamia huhitaji moyo zaidi ya maarifa, maana madereva wana maneno mengi, na lori moja lenye shehena likipita saa ile huacha mitaro miwili ambayo wiki nzima ya jembe haiifuti.

Sasa turudi kwenye cheti. Majirani zetu wamekwisha kutenda jambo la kuigwa. Katika chuo cha Mbale, Uganda, mwanafunzi wa kazi za barabara za mikono hutoka darasani akaingia katika njia ya mfano, kisha hupewa mkataba wa majaribio juu ya barabara halisi. Vyuo vya Kisii huko Kenya na Mbeya huko Tanzania navyo vimejengwa juu ya fikra hiyo hiyo, kwamba ufundi huu haumo ubaoni. Mimi ningezidisha jambo moja kwa ajili ya mkoa wetu wa Tanganyika, ambako mvua huanza Oktoba na huendelea hadi karibu na Mei: mafunzo yatolewe kiangazi, kila mwanafunzi apewe mita 200 za njia na jina lake liandikwe kwenye jiwe mwanzoni mwa kipande, na cheti kisitiwe sahihi mpaka mwezi wa Mei, mtahini akiwa amekwenda kwa miguu kutazama kilichobaki. Najua italeta malalamiko. Vijana wanahitaji karatasi upesi ili wapate kazi, na wafadhili wanahitaji hesabu ya waliohitimu kabla ya mwaka kwisha. Basi na wapewe karatasi ya kuhudhuria, iitwe hivyo hivyo, wala isiitwe ya ufundi.

Kwa hiyo anijiaye na cheti namwuliza mambo mawili tu: kipande chake kiko wapi, na kimekwisha kunyeshewa mara ngapi. Akiwa na kipande huenda naye, ikiwezekana mvua ingali inanyesha, tukiwa na mabuti na jembe moja, nikamwacha atangulie. Wengine hutembea katikati wakinieleza. Mwingine huinama kimya, huondoa kwa ncha ya jembe bonge la majani lililokwama kwenye mdomo wa mfereji, hungoja maji yaanze kwenda, ndipo akakumbuka kwamba nipo.