Neno "Mionzi" na Hesabu ya Atomi Zilizo Kimya

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo elimu ya atomi, neno "mionzi" limetwishwa mizigo miwili. Husemwa kwamba mionzi hutoka katika madini fulani, na hapo neno limetumika kwa haki. Lakini husemwa pia kwamba mionzi imeingia mtoni, au kwamba mionzi imekaa udongoni. Na hapo neno halitaji tena mwonzi, bali kitu kitoacho mwonzi. Mwonzi hutoka ukapita. Kinachokaa ni atomi. Maadamu vyombo vya kupimia vilikuwa vya kunasa mionzi tu, kosa hili halikuonekana sana. Sasa ipo njia ya kupima ambayo haielezeki kwa neno hilo moja.

Njia ya zamani ni ya kungoja. Chombo huwekwa karibu na vumbi au udongo unaochunguzwa, na kila atomi inapovunjika na kutoa mwonzi, chombo huhesabu moja. Njia hiyo ni njema kwa atomi zenye haraka ya kuvunjika. Lakini plutoni-239 huchukua miaka 24,110 hata nusu yake ivunjike. Katika atomi 1,000,000 za plutoni hiyo, zivunjikazo kwa mwaka mzima ni 29 hivi. Urani-236 ni nzito zaidi wa mwendo: nusu yake huvunjika kwa miaka milioni 23.4, hata mwenye atomi 1,000,000 atangoja kwa wastani miaka 34 ili apate mwonzi mmoja. Akisema kwamba hakuona mionzi, atakuwa amesema kweli. Lakini asikiaye ataelewa kwamba hamna urani, na hilo si kweli.

Njia mpya haingoji. Mwanzo wake ni mwaka 1977, wataalamu wa Rochester, Marekani, na wa McMaster, Kanada, walipohesabu atomi za kaboni-14 kwa mtambo wa kuongeza kasi. Baadaye ilipanuliwa hata ikafikia jamii ya metali nzito ziitwazo aktinidi, ambazo urani na plutoni ni miongoni mwake, na leo kazi hiyo hufanyika Vienna, Zürich, Canberra na kwingineko. Kwanza udongo huyeyushwa, na aktinidi hutengwa kwa dawa za kikemia. Kisha huchanganywa na oksidi ya chuma na kupigwa kwa ioni za seziamu, zikatoka ioni hasi. Sumaku huchagua zenye uzito utakiwao, na nguvu ya umeme huzisukuma kwa kasi kubwa.

Hapo katikati ya mtambo ndipo penye siri yake. Urani-238 iliyoshikana na atomi moja ya hidrojeni ina uzito unaokaribiana mno na wa plutoni-239, hata mizani ya kawaida hudanganyika. Ndani ya mtambo ioni hupitishwa katika gesi nyembamba, zikavuliwa elektroni kadhaa, na molekuli za namna hiyo zikavunjwa. Zipitazo husukumwa tena, zikachujwa upya, na mwisho huhesabiwa moja moja, ingawa hazijatoa mwonzi wowote. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtambo huu huhesabu kimya chenyewe.

Faida yake si wingi wa hesabu tu. Mionzi ya plutoni-239 na ya plutoni-240 ina nguvu zinazokaribiana sana, hata chombo cha kungoja huzihesabu pamoja. Mtambo huzitenga, na uwiano wao hueleza asili. Katika vumbi lililotapakaa duniani kwa majaribio ya mabomu yaliyofanywa hewani, uwiano huo ni 0.18 hivi, katika plutoni iliyotengenezwa kwa ajili ya silaha kwa kawaida huwa chini ya 0.07. Hata hivyo haifai kuisifu njia mpya kupita kiasi. Plutoni-238 ina uzito karibu sawa na urani-238 iliyojaa kila mahali, na mtambo huona taabu kuzitenga. Hapo chombo cha kungoja hubaki kuwa bora.

Basi, vipimo ni viwili, na lugha haina budi kuvitenga. Hili si jambo la wataalamu wa ng'ambo peke yao. Mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga ambako Kiswahili husemwa, ulitoa urani iliyotumika kutengenezea mabomu ya kwanza ya atomi katika miaka ya 1940. Mtu akaaye karibu na mgodi wa namna hiyo akiambiwa kwamba maji yake "hayana mionzi", anastahili kujua ni lipi lililopimwa. Urani, hata ikitoa mionzi kidogo sana, ni sumu ya figo.

Wala dawa haihitaji neno jipya. Yatosha "mionzi" ibaki kwa kile kinachotoka, na kile kinachokaa kitajwe kwa jina lake: urani, plutoni, atomi. Taarifa isemayo "maji yana urani kiasi kadhaa" huweza kuulizwa na kujibiwa. Isemayo "maji yana mionzi" humwachia msomaji hofu bila maarifa, au faraja bila haki.