Gurudumu la Kwenda Oregon

Kuanzia miaka ya 1840 hadi reli ya kuvuka bara ilipounganishwa huko Utah mwezi Mei 1869, Wamarekani laki tatu na ushei waliuacha mto Missouri wakaelekea magharibi, Oregon, California na Utah. Njia ya Oregon peke yake ilikuwa na urefu wa kilomita 3,200 hivi, mwendo wa miezi minne hadi sita. Wengi walitembea kwa miguu, kwa sababu gari la ng'ombe lilikuwa limejaa unga, nyama ya chumvi na zana, mzigo wa tani moja hivi. Barabara haikuwepo. Safari nzima, pamoja na roho za watu, iliegemea magurudumu manne ya mbao, na aliyeyaunda alibaki nyuma Missouri.

Kazi ya fundi huyo ilianzia kwenye kuchagua miti. Kitovu cha gurudumu kilitoboliwa matundu mengi ya kupokea spoki, kwa hiyo alitafuta mti kama elmu, ambao nyuzi zake zimesokotana na haupasuki ovyo. Kwa spoki alitaka mwaloni au hikori, na fundi mwangalifu aliupasua kwa kabari badala ya kuukata kwa msumeno, ili nyuzi zipite bila kukatika toka ncha hadi ncha. Mbao ziliachwa zikauke taratibu kivulini, kitovu kwa miaka. Anayeharakisha hatua hii atajulikana tu, tena mbali na karakana yake, na atakayeumia si yeye.

Ukilitazama gurudumu hilo kwa ubavu utaona kwamba si bapa. Spoki zimeinama kidogo kwenda nje, kama kisahani. Ng'ombe anapotembea huyumba, na mzigo humfuata, ukisukuma magurudumu kulia na kushoto kwa kila hatua. Spoki zilizoinama huupokea msukumo huo zikauhimili, ilhali zilizonyooka zingelegea kwenye matundu yake. Mwinamo huo ulipimwa kwa jicho na mkono uliozoea.

Halafu mhunzi akaleta chuma. Alipima mzingo wa gurudumu, akakata ukanda mfupi kidogo kuliko kipimo, akaupinda na kuziunganisha ncha zake kwa moto na nyundo mpaka ukawa pete. Pete ikiwa baridi haiwezi kuingia. Aliichoma mpaka ikawa nyekundu na kutanuka, wasaidizi wakaibeba kwa koleo, wakaishusha juu ya mbao na kuigonga ikae. Mbao zikatoa moshi na ndimi za moto. Hapo ndipo maji yalipomwagwa, haraka, kabla mbao hazijaungua. Chuma kilinywea, na kila kiungo kikalia kikijifunga. Baada ya hapo hapakuhitajika gundi wala msumari wa kushikilia spoki: gurudumu zima lilishikwa na nguvu ya chuma kinachotaka kurudi kwenye udogo wake.

Nguvu hiyo ilikuwa na adui mmoja, ukavu. Kadiri wasafiri walivyoufuata mto Platte kwenda juu, hewa ilizidi kuwa kavu, mbao zikasinyaa, pete zikalegea. Jioni waliyavua magurudumu wakayalaza mtoni usiku kucha yavimbe, au wakapigilia kabari nyembamba kati ya chuma na mbao. Chini ya gari ilining'inia ndoo ya lami iliyochanganywa na shahamu, ya kupaka ekseli. Nchi walizopitia zilikuwa za Wapawnee, Walakota na Washoshone, na magurudumu yale yale ninayoyasifu ndiyo yaliyowaletea maradhi, kupungua kwa nyati na hatimaye kunyang'anywa ardhi. Sifa za fundi haziufuti ukweli huo.

Katika mji wa Independence, Missouri, ambako misafara mingi ilijiandaa, mmoja wa mafundi wakubwa alikuwa Hiram Young, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Tennessee. Alijinunulia uhuru kwa kazi ya mikono yake. Inasimuliwa kuwa alimkomboa mkewe kwanza, kwani chini ya sheria ya utumwa mtoto alifuata hali ya mama. Kufikia 1860 karakana yake ilitoa mamia ya magari na maelfu ya nira kwa mwaka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamkimbiza Kansas, mali yake ikapotea, na fidia aliyoidai serikalini hakuipata hadi alipofariki mwaka 1882. Warithi wake nao hawakulipwa.

Wyoming kuna mlima wenye jina la John C. Frémont, ofisa aliyeongoza kazi ya kuichorea ramani njia ya Oregon. Kwangu mimi, Hiram Young anastahili heshima isiyopungua ile.