Uso umefichwa, mtu bado anaonekana

Wandugu, tangu juma lililopita narudia picha za Doug Rickard, zile za kitabu chake A New American Picture. Kwa wale ambao hawajaziona: Rickard alikuwa mpiga picha Mmarekani, lakini hizi hakutoka nyumbani kuzipiga. Alikaa mbele ya kompyuta, akapita mitaa ya Marekani ndani ya Google Street View, na kila alipoguswa na kitu akapiga foto ya kioo cha kompyuta. Alichagua mitaa ya maskini, Detroit na kwingine, na wengi wanaotembea mle ni weusi. Mwaka 2011 picha zikatundikwa MoMA, jumba kubwa la sanaa New York.

Tumpe haki yake kwanza. Ni picha nzuri, bwana. Rangi zimepauka kama kikwembe kilichofuliwa mara mingi, barabara pana, na katikati mtu mmoja mdogo. Unaona namna nchi tajiri inavyoweza kusahau watu wake. Nilizipenda. Halafu nikajiuliza: huyu aliyesimama kwenye kona, nani alimwomba ruhusa?

Watu watajibu eti barabara ni ya wote, na tena nyuso zimefifishwa. Ni kweli, Google ilianza kufifisha nyuso mwaka 2008. Lakini angalieni kilichotokea Quebec, Kanada. Kamera ya gari la Google ilimkuta mwanamke ameketi kwenye ngazi za nyumba yake, ameinama, sehemu ya kifua iko wazi. Uso ulifichwa. Nyumba haikufichwa, gari lake pia halikufichwa, na wenzake wa kazi wakamtambua. Mwaka 2014 korti ikaamua alipwe dola 2,250 za Kanada. Kuonekana na wapita njia hakumaanishi umeacha haki yako, ndivyo jaji alivyoona.

Hilo mimi nilifundishwa shambani kabla ya kulisoma popote. Wakati wa kazi yangu ya kumaliza lisansi nilizunguka nikipiga picha za mihogo yenye ugonjwa. Mama mmoja akanisimamisha: "Mwana, iyo foto inaenda wapi?" Nikamwambia, mama usiogope, sura yako haitaonekana. Akacheka. "Na shamba je? Huku nani hajue kama ni yangu?" Shamba lilikuwa limejaa majani juu alikuwa amelala hospitalini na mtoto wiki tatu, na hakutaka watu wamwite mvivu. Nikaifuta mbele yake.

Yule mama aliweza kunisimamisha. Gari lenye kamera juu ya paa halisimami, na Rickard hakuwepo kabisa. Ndiyo maana katika picha zake mingi unawatazama watu kutoka juu, kama mtu aliyepanda ukuta wa jirani. Korti kuu ya Uswisi, mwaka 2012, ililielewa jambo hili: ilisema Google isipige juu ya ua kile ambacho mpita njia hawezi kuona, na karibu na shule, hospitali au gereza ifiche hata rangi ya ngozi na nguo. Sasa ukifuta ngozi na nguo kwenye picha za Rickard, kinabaki nini cha kutundika ukutani?

Kinachonichoma zaidi ni kidogo tu. Rickard aliikata alama ya Google kwenye picha ili ibaki kama kazi yake. Ya kampuni ikaondolewa, watu wakabaki.

Google yenyewe angalau unaweza kuiomba ifiche nyumba yako. Ujerumani, mwaka 2010, zaidi ya kaya laki mbili ziliomba hivyo hata kabla picha hazijatoka. Yule wa kwenye kona kitabu kilishamchapa, na mpaka leo labda hajui kama yumo.