Ala Nayo Ihakikiwe: Gitaa la Hendrix

Wanafunzi wetu wakipewa wimbo kuuhakiki, hukimbilia maneno: dhamira, tamathali, vina. Je, watasema nini kuhusu wimbo wa taifa wa Marekani jinsi Jimi Hendrix alivyoupiga Woodstock, Agosti 1969, bila kuimba hata neno moja?

Kwa maoni yetu, uhakiki wake uanzie kwenye umbo la gitaa lenyewe, Fender Stratocaster, lililotolewa mwaka 1954. Daraja la nyuzi limeshikwa na springi upande wa nyuma, nalo lina wenzo mdogo wa chuma. Mpigaji akiukandamiza, nyuzi hulegea na sauti huporomoka. Akiuachia, springi huzirudisha. Wenzo huo ulikusudiwa kutetemesha sauti kwa upole tu. Hendrix aliukandamiza mpaka zikasikika kama ndege na mabomu, nayo vita vya Vietnam ilikuwa ikiendelea. Gitaa la Les Paul la Gibson, ambalo kwa kawaida daraja lake halisogei, lisingemwezesha kufanya hivyo.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya fundi. Hatukubaliani nao; mbona mizani ya shairi tunaihesabu?

Tena Hendrix alitumia mkono wa kushoto, akaligeuza gitaa la mkono wa kulia na kulifunga nyuzi upya. Sumaku ya karibu na daraja, iliyowekwa mshazari, nayo ikageuka: nyuzi nene zikapata ukali, nyembamba zikalainika. Msikilizeni tena.