Joho la Mtawa na Uzushi wa Bashō

Katika semina yetu mwenzangu mmoja alishikilia kwamba masimulizi ya safari yakishatiwa uzushi hayana thamani: ama ni habari, ama ni hadithi. Siku ile nilimpinga kwa jazba tu. Leo ninayo hoja, nayo naitoa Japani.

Mwaka 1689 mshairi Matsuo Bashō aliondoka Edo, mji uitwao leo Tokyo, pamoja na mwanafunzi wake Sora. Walikwenda kaskazini kisha wakashuka pwani ya magharibi, kiasi cha kilomita 2,400, sehemu kubwa kwa miguu. Bashō hakuwa mtawa hasa. Alivaa kama watawa wa Kibudha na kufuata nyayo za Saigyō, mtawa mshairi aliyefariki mwaka 1190. Sora yeye alinyoa kichwa kabisa. Kitabu cha mwendo huo, Oku no Hosomichi, kilichapwa mwaka 1702, mwandishi akiwa kaburini.

Sasa tazama tukio la Ichiburi. Wasafiri wamelala jirani na makahaba wawili kutoka Niigata wanaokwenda kuhiji Ise. Asubuhi wanawake wale, kwa hofu ya njia, wanalia na kuomba wafuate nyuma kwa mbali: kwani hayo si majoho ya watu wa huruma? Bashō anakataa. Ati wao husimama mara nyingi njiani. Wafuatane na wengine, mungu wa Ise atawalinda. Anaondoka, huruma ikimng'ang'ania. Akatunga shairi, anadai, na Sora akaliandika.

Jamani! Shajara ya Sora ilichapwa mwaka 1943. Ina mahali walipolala na hali ya hewa. Makahaba hamna, shairi hamna.

Mwenzangu atasema: si nilikwambia? Lakini hebu tujiulize, mtu anayezua ili ajipambe angezua nini? Angejipa ukarimu. Huyu amejizulia aibu: joho limedaiwa kile linachoahidi, aliyelivaa akashindwa kulipa. Wapo wahakiki wanaoona kwamba tukio limewekwa ili mapenzi yasikosekane, kama ilivyo desturi ya ushairi wa Kijapani wa kutungwa kwa kupokezana. Sikatai, ila hoja hiyo yaeleza kwa nini wanawake wapo. Haielezi kwa nini wananyimwa.

Ninachomlaumu ni kingine. Wanawake hawa hawana majina, na baada ya asubuhi ile hatuwaoni tena. Kama walifika Ise au la, Bashō hakujisumbua hata kutuzulia.