Mwanamke, Mtoto na Neno Nzuri

Kila anayeanza Kichina hukutana mapema na 好, hǎo, kwa kuwa ndiyo nusu ya salamu nǐ hǎo. Na karibu kila anayeifundisha huleta hadithi ileile: kushoto 女, mwanamke, kulia 子, mtoto, mwanamke akiwa na mtoto, mambo ni mazuri. Haisahauliki. Nami niliibeba hivyo hivyo likizoni hadi Manyoni, nyumbani kwa shangazi.

Alikuwa akimenya karanga. Akauliza ninachora nini. Nikamweleza: mistari 6, 3 ya mwanamke, 3 ya mtoto, maana yake nzuri. Shangazi hakujaliwa mtoto; sisi wa ndugu zake ndio alitulea.

"Basi mimi sikuandikwa," akasema, akaendelea kumenya.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na hadithi ile. Sehemu za herufi ni hizo kweli. Lakini kamusi ya Xu Shen, ya karibu mwaka 100 BK, inazitaja zote mbili na kuipa herufi maana ya uzuri, basi, uzazi haumo. Tena hadithi humwachia mwanafunzi maana moja, wakati herufi yenyewe haitulii. 好吃 ni chakula kitamu. 好久 ni muda mrefu sana, na hapo uzuri haupo kabisa. Ukiitamka kwa sauti ya kushuka, hào, inakuwa kupenda kitu. Hata ile tamthilia ya Doudou, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC mwaka 2011, jina lake la Kichina linataja zama nzuri za mkamwana. 好 imo humo, nayo inamhusu mke wa mtu aliyezungukwa na wakwe.

Wala siwacheki Wachina. Kwetu mwanamke akizaa jina lake linawekwa kando, anakuwa Mama Fulani. Shangazi bado anaitwa jina lake mwenyewe, na najua baadhi ya wanaolitamka wanamaanisha nini.

Jioni nilimfundisha matumizi moja tu: 好了, hǎo le, yaani tayari, basi. Alilishika upesi kuliko nilivyolishika mimi. Ugali ulipoiva aliniita nalo kutoka jikoni.